Fyuzi juu, breka chini: uchague uwezo kamili au uwezo wa mfululizo?

Chukua breka yoyote uliyo nayo karibu uisome usoni. Utaona namba ya ampea, tuseme 32. Kama imetengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898-1, utaona pia namba nyingine ndani ya kisanduku kidogo: 6000, au 10000. Ile ya kwanza kila fundi anaijua, ndiyo tunayoitaja tunapoagiza. Ya pili ndiyo inayoamua kama siku ya shoti breka itakata na kubaki nzima, au itapasuka ndani ya paneli na kumwaga moto na matone ya shaba iliyoyeyuka. Hiyo 6000 maana yake breka imejaribiwa kukata shoti ya ampea 6,000 kwa volti zilizoandikwa. Kuhusu ampea 18,000 haijasema neno.

Na hizo 18,000 haziko mbali. Transfoma ya kVA 500 inayotoa volti 400, yenye impedansi (upinzani wake wa jumla kwa mkondo) ya asilimia 4 iliyochapwa kwenye bamba lake, hubeba ampea 722 ikiwa imejaa. Gawanya 722 kwa 0.04 na unapata ampea 18,000 na ushei. Mtu akiangusha spana kwenye baa za shaba karibu na transfoma hiyo, huo ndio mkondo utakaopita mpaka kitu kiukate.

Kwa breka zilizo chini ya transfoma kama hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni uwezo kamili: kila kifaa, kuanzia swichi kuu hadi breka ya mwisho, kinaweza peke yake kukata shoti yote inayoweza kufika pale kilipo. Ya pili ni uwezo wa mfululizo: breka ya chini ina uwezo mdogo kuliko shoti ya mahali pake, lakini imejaribiwa maabara ikiwa nyuma ya fyuzi fulani au breka fulani ya juu, yaani iliyo upande wa transfoma, na jozi hiyo ikapita. Matokeo ya majaribio hayo ndiyo yanayopangwa kwenye chati za watengenezaji.

Niseme msimamo wangu mapema. Uwezo wa mfululizo ni sifa ya jozi, na breka ikitengwa na mwenzake inarudi kwenye namba yake ndogo. Kwa hiyo anayeuchagua anawafunga wote watakaofungua paneli ile miaka ijayo warudishe jozi ileile, chanda na pete. Kama hujui ni nani atakayeitunza paneli, weka uwezo kamili.

Piga hesabu kabla ya kufungua chati

Nimeona watu wakitafuta jozi kwenye chati kwa ajili ya paneli ambayo haikuhitaji jozi yoyote. Shoti hupungua kadiri unavyosogea mbali na transfoma, na kebo nyembamba huipunguza haraka sana. Chukua transfoma yetu ya kVA 500. Vuta kebo ya shaba ya milimita za mraba 25 kwa urefu wa mita 30 hadi paneli ndogo. Kila mita ya kebo hiyo ina ukinzani wa takriban miliomu 0.73, kwa hiyo mita 30 zinaongeza karibu miliomu 22. Transfoma yenyewe ina miliomu 13 hivi tu. Ukizijumlisha inavyotakiwa, ukinzani wa waya na riaktansi (upinzani unaotokana na sumaku ya mkondo) kila moja kwa upande wake, shoti pale kwenye paneli ndogo inashuka hadi karibu ampea 8,000.

Kumbe breka za 10000 zinatosha pale, kwa uwezo kamili, bila chati wala lebo ya ziada. Mita 30 za kebo zimemaliza mjadala. Lakini paneli hiyohiyo ikiwekwa mita 3 kutoka transfoma, kwa kebo nene, kebo haisaidii chochote cha maana na ndipo swali la uwezo kamili au mfululizo linapokuwa swali la kweli.

Ndani ya jozi kunatokea nini

Fyuzi inayobana mkondo ina utepe mwembamba wa fedha au shaba wenye matundu, uliozungukwa na mchanga wa kwatsi. Shoti kubwa inapoingia, sehemu nyembamba za utepe huyeyuka zote kwa pamoja, mchanga unanyonya joto na kugeuka kioo, na mkondo unazimwa kabla haujafika kilele chake. Kwenye umeme wa hezi 50 wimbi hufika kilele ndani ya milisekunde 5, kwa hiyo fyuzi inafanya kazi yake ndani ya muda mfupi kuliko huo. Nguvu inayotaka kurarua baa na breka hukua kwa mraba wa mkondo: ukiubana mkondo ukawa nusu, nguvu inabaki robo. Hapo ndipo breka ya chini inapookolewa.

Breka nayo haikai kimya. Shoti kubwa inapopita, kontakti zake husukumwa zitengane na sumaku ya mkondo wenyewe, hata kabla mtambo wa kukatia haujaamka. Zikitengana, tao la umeme linawaka kati yake, na tao hilo lina ukinzani wake.

Kumbuka jambo hilo, maana ndilo linaloangusha hesabu maarufu ya kwenye karatasi. Watengenezaji wa fyuzi huchapisha grafu zinazoonyesha mkondo ambao fyuzi huuruhusu kupita. Unaanza na shoti iliyopo, unapanda hadi mstari wa fyuzi yako, unakwenda pembeni, unashuka, na unasoma kwamba shoti ya kA 40 (kA 1 ni ampea 1,000) sasa ni kama ya kA 9. Mtu anasema, basi, breka yangu ni ya kA 10, nimemaliza.

Hajamaliza. Grafu ile ilichorwa fyuzi ikiwa peke yake kwenye saketi. Ukiweka breka ya kisasa nyuma yake, breka inaanza kufunguka mapema, tao lake linapunguza mkondo, na kwa kuwa mkondo umepungua fyuzi inachelewa kuyeyuka. Katika kuchelewa huko breka ndiyo inayobeba kazi, na kazi hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko uwezo wake. Kwa hiyo grafu hiyo inafaa kwa vitu visivyofunguka, kama baa za shaba na kebo. Kwa breka, namba ya kuaminika ni ile iliyotoka kwenye jaribio la vifaa viwili pamoja. Hii ndiyo sababu chati zipo, na ndiyo sababu huwezi kuitengeneza yako mwenyewe kwa rula na penseli.

Kusoma mstari mmoja wa chati

Huu ni mstari wa mfano, nimeupanga mwenyewe ili kuonyesha umbo lake. Usiutumie kuagizia kitu:

Juu: fyuzi daraja J (daraja mojawapo la viwango vya UL vya Marekani), hadi 400 A. Chini: breka aina X, 15 hadi 100 A, nguzo 2 na 3 (yaani zinazokata waya 2 au 3 kwa pamoja). Volti: 480. Uwezo wa mfululizo: kA 100.

Tuseme breka aina X ikiwa peke yake ina kA 14 kwa volti 480. Mstari unasema ikiwa nyuma ya fyuzi ya J inaweza kuwekwa mahali penye shoti ya hadi kA 100. Macho ya wengi huishia kwenye hiyo 100. Yangu huanzia kwenye neno "hadi". Fyuzi ya J ya ampea 200 ni sawa, maana fyuzi ndogo ya daraja lilelile hupitisha kidogo zaidi. Ya ampea 600 si sawa hata kama ni J, hata kama imetoka kiwanda kilekile, kwa kuwa inaruhusu mkondo mwingi zaidi upite kabla ya kuyeyuka. Mzigo wa jengo ukikua na mtu akabadilisha fyuzi za 400 kwa 600, ametoka nje ya mstari bila kugusa breka hata moja.

Kisha angalia breka yenyewe herufi kwa herufi. Breka mbili zinaweza kufanana kwa umbo, kuingia nafasi moja na kuwa na ampea sawa, huku herufi moja mwishoni mwa jina ikizitenganisha kwenye chati. Breka ya ampea 125 ya aina hiyohiyo haimo kwenye mstari wetu. Ya nguzo moja haimo. Ikiwa chati imeandika nguzo 2 na 3, imemaanisha hivyo.

Volti nazo zina mtego wake. Namba iliyojaribiwa kwa volti 240 haihamii 480. Na breka iliyoandikwa volti kwa mkwaju, kama 480Y/277, ni ya mfumo wa nyota uliotiwa ardhi katikati. Kwenye mfumo wa delta mambo ni mengine.

Mwisho ni paneli. Jozi hutumika ndani ya paneli iliyoidhinishwa kwa jozi hiyo. Kama mlango wa paneli hauna orodha ya jozi zake, mwombe mtengenezaji akupe kwa maandishi. Jozi ya kutajiwa mdomoni ni mbuzi kwenye gunia.

Fyuzi juu au breka juu

Chati hukupa nafasi ya kuchagua kifaa cha juu, na hapa tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa kukata shoti kubwa, fyuzi inaongoza. Daraja J, T, L na RK1 kwenye viwango vya UL huanzia kA 200, wakati breka za paneli za kawaida hutajwa kwa kA 10, 14, 22, 25, 35, 65. Kuna breka za kA 100 na 200 zinazobana mkondo, ila ni kubwa na ghali. Ndiyo maana mistari ya chati yenye fyuzi juu mara nyingi huishia kwenye namba za juu zaidi.

Kuna faida nyingine ya fyuzi ambayo haitajwi vya kutosha. Viwango vya UL 248 huweka ukomo wa mkondo na joto ambavyo fyuzi ya kila daraja inaruhusiwa kupitisha. Jozi inapojaribiwa, maabara hutumia fyuzi maalumu iliyotengenezwa makusudi ipitishe hadi ukomo huo, yaani mbaya kuliko yoyote utakayokuta sokoni. Breka ikivuka jaribio hilo, fyuzi ya J ya mtengenezaji yeyote aliyeidhinishwa inafaa mradi ampea hazizidi. Kwa breka juu hakuna uhuru huo: ni aina fulani juu ya aina fulani, mara nyingi za mtengenezaji mmoja, na siku aina hiyo ikiacha kutengenezwa utahangaika.

Lakini chagua daraja kwa makini. Fyuzi ya J ina vipimo vyake vya mwili, kwa hiyo kishikio chake hakipokei daraja jingine. RK1 na RK5 zina umbo moja. Jozi ikiwa imejaribiwa na RK1, na siku fyuzi ikiungua mtu akaweka RK5 iliyokuwa kabatini, itaingia vizuri, taa zitawaka, na hakuna atakayejua kwamba sasa inapita nguvu nyingi kuliko iliyojaribiwa. Kati ya J na RK1 mimi naipenda J kwa sababu hiyo tu: kishikio chenyewe kinamkatalia mtu anayekosea.

Breka juu nayo ina haki yake. Inakata fazi zote kwa pamoja, wakati fyuzi moja ikiungua mota inaweza kubaki inazunguka kwa fazi mbili hadi iungue. Breka inarudishwa kwa mkono, haihitaji akiba ya fyuzi. Hata hivyo, baada ya shoti kubwa usiirudishe upesi. Ifungue saketi, ikague, pima ukinzani wa kontakti. Breka ya paneli hujaribiwa kwa shoti ya kiwango chake cha juu mara chache tu, na haikuahidi kuivumilia tena na tena. Katika jozi vifaa vyote viwili vimepata kipigo, basi kagua vyote viwili.

Mahali ambapo mfululizo haufai

Mota ndizo za kwanza. Shoti inapotokea, mota zinazozunguka hugeuka jenereta kwa muda mfupi na kurudisha mkondo, kwa kawaida mara 4 hadi 6 ya mkondo wake wa kazi. Kama mota ziko kwenye matawi mengine ya paneli ileile, mkondo wao unaingia kwenye breka iliyo na shoti bila kupitia fyuzi ya juu. Fyuzi haiuoni kabisa, kwa hiyo haiwezi kuubana. Kanuni za umeme za Marekani, NEC kifungu 240.86, zimeweka mpaka: jumla ya mkondo wa mota zilizo kati ya vifaa viwili vya jozi isizidi asilimia 1 ya uwezo wa breka ya chini. Breka ya kA 10 inakupa ampea 100. Mota tatu za ampea 40 kila moja tayari zimevuka, na chati inakuwa karatasi tu. Hata pale ambapo NEC haitawali, fizikia ni ileile, na mimi naitumia asilimia hiyo kila mahali.

Pili, sehemu ambazo umeme hautakiwi kukatika ovyo. Mfululizo unafanya kazi kwa kuwa vifaa vyote viwili vinafunguka. Shoti kwenye soketi moja inaweza kuzima sakafu nzima. Kwenye ghala la kuhifadhia mbao huo ni usumbufu. Kwenye taa za dharura, lifti au chumba cha upasuaji, ni hatari kwa watu. Kule unataka kifaa kilicho karibu na hitilafu kikate peke yake na cha juu kisiguswe. Sharti la kwanza la mpangilio huo ni uwezo kamili, kisha ulinganishe mikondo na muda wa kila kifaa. Usijaribu kupata yote mawili kwenye saketi moja; chati chache sana zitakukubalia, na kwa shoti kubwa karibu hakuna.

Mahali ambapo ningeuchagua mwenyewe

Nina paneli moja akilini. Breka zake zilikuwa za kA 10, nzima, zimetunzwa vizuri. Ilipowekwa ilikuwa na shoti ya kA 9. Kisha transfoma ikabadilishwa kwa kubwa zaidi, na shoti ikapanda hadi kA 18. Kuvunja paneli yote na kuweka breka za kA 25 kulihitaji kusimamisha kazi kwa siku kadhaa, na nafasi haikutosha, kwa kuwa breka hizo zilikuwa pana zaidi. Kwenye chati ya mtengenezaji aina ileile ya breka ilikuwepo nyuma ya fyuzi ya J. Swichi yenye fyuzi ikawekwa mbele ya paneli, mota zikahesabiwa zikakutwa chini ya ukomo, lebo ikabandikwa. Hapo mfululizo ulikuwa jibu la haki.

Kama breka za zamani hazimo kwenye chati yoyote, NEC inamruhusu mhandisi mwenye leseni kuchagua jozi kwa jengo lililokwisha kujengwa, kwa sharti kwamba breka ya chini ibaki imefunga muda wote fyuzi inapokata. Breka nyingi za sasa hufunguka mapema, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba. Kwa jengo jipya haupo.

Upande wa IEC jambo hilihili huitwa ulinzi wa akiba. IEC 60364 inaruhusu breka yenye uwezo mdogo mradi kifaa cha juu kina uwezo wa kutosha na nishati kinayoipitisha haizidi ile ambayo breka na kebo zinaivumilia, na IEC 60947-2 inaeleza namna ya kuijaribu jozi. Uingereza utaratibu huu umeingia hadi nyumbani: boksi la breka za kA 6 linaweza kukubaliwa kwa kA 16 likiwa nyuma ya fyuzi ya ampea 100 iliyotajwa kwenye kiwango chake.

Breka ya nafasi ya sita

Miaka michache baadaye niliifungua tena paneli ile. Lebo ilikuwepo bado, kona moja imebanduka. Breka kumi na moja zilikuwa za kijivu iliyofifia. Ya kumi na mbili, nafasi ya sita kutoka juu, ilikuwa nyeupe safi. Ampea 63 kama ile iliyotolewa. Imekaa kwenye reli sawasawa, skrubu zimekazwa vizuri, waya umevuliwa kwa unadhifu. Aliyeiweka alikuwa fundi mzuri. Kisandukuni: 6000. Chapa nyingine, haimo kwenye mstari wowote wa chati ya paneli ile. Mahali penye shoti ya kA 18, breka ya kA 6, na fyuzi ya juu ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu nayo.

Lebo ilisema tu kwamba vibadala lazima viwe vile vilivyotajwa. Havikutajwa popote. Tangu siku hiyo, kwenye kila paneli ya mfululizo naandika vitu hivi kwa maneno kamili, ndani ya mlango, chini ya plastiki: daraja la fyuzi na ampea zake za juu kabisa, jina la breka hadi herufi ya mwisho, shoti iliyopigiwa hesabu pamoja na tarehe na ukubwa wa transfoma, na jumla ya mkondo wa mota. Pembeni naacha mfuko wenye breka mbili za akiba za aina ileile na seti moja ya fyuzi tatu.